Sintesaiza za Miaka ya Sabini na Watu Wanaozipenda

Sintesaiza ni ala ya muziki ambayo sauti yake yote huzaliwa na umeme. Gita lina nyuzi, ngoma ina ngozi, zumari lina pumzi ya mpulizaji; ndani ya sintesaiza hakuna kinachotikisika mpaka mkondo wa umeme ufike kwenye spika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ala hii ilikuwa mali ya maabara za vyuo vikuu na studio chache zenye fedha. Muongo ulipokwisha ilikuwa ikisikika katika disko, roki, soul na fanki, na waliokuwa vijana wakati ule hawajaisahau. Wapo hata waliozaliwa miaka ishirini baadaye ambao huzisaka ala zilezile kuukuu, huzinunua kwa bei kubwa na kukesha wakizitengeneza. Upendo huo una kiini chake: ala za mwanzo hazikufanya lolote bila mkono wa mtu, na udhaifu wa vifaa vyake ulisikika katika kila noti.

Kabla ya hapo muziki wa umeme ulikuwa kazi ya kuchosha. Mitambo ilikuwepo, mmojawapo ukiwa ule wa kampuni ya RCA uliofungwa New York mwaka 1957 katika kituo cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, lakini ulijaza chumba kizima na uliendeshwa kwa karatasi zilizotobolewa matundu. Watunzi wengine walirekodi milio kwenye tepu, wakaikata kwa wembe na kuiunga kipande kwa kipande. Hakuna aliyeweza kupanda navyo jukwaani.

Aliyebadili mambo ni Robert Moog, mzaliwa wa New York wa mwaka 1934, ambaye tangu ujana wake alikuwa akitengeneza na kuuza theremini, ala yenye asili ya Urusi inayopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kuigusa. Mwaka 1964, akishirikiana na Herbert Deutsch, mtunzi na mwalimu wa muziki, Moog aliunda vifaa vilivyofuata wazo moja: volteji ndiyo itawale kila kitu. Volteji ikipanda, noti inapanda. Ikishuka, noti inashuka. Na kwa kuwa volteji ni volteji popote ilipo, ile inayotoka kwenye kifaa kimoja inaweza kukiamrisha kingine. Wimbi la polepole likielekezwa kwenye noti, noti inatetemeka kama sauti ya mwimbaji. Likielekezwa kwenye nguvu ya sauti, sauti inafifia na kurudi. Mpigaji anachohitaji ni waya wa kuunganisha huku na kule. Katika karakana yake mjini Trumansburg, jimbo la New York, Moog alianza kuviuza vifaa hivyo kimoja kimoja, mnunuzi akivipanga kabatini apendavyo.

Karibu wakati huohuo, huko California, Don Buchla alikuwa akiunda mtambo wa jamaa moja na huo kwa ajili ya watunzi wa San Francisco Tape Music Center. Buchla aliona kwamba kibodi ya piano ingewafunga watunzi katika muziki wa zamani, akaweka vibati vya kugusa kwa vidole badala yake. Hoja yake ilikuwa nzito, na kazi zilizotungwa kwa mtambo wake bado zinasikilizwa kwa heshima. Lakini wanamuziki wa pop walitaka kitu wanachoweza kukipiga jioni ileile waliyokinunua. Kibodi ya Moog ikashinda.

Ndani ya sintesaiza ya namna hii sauti hupita hatua tatu. Ya kwanza ni osileta, saketi inayopandisha na kushusha umeme mara mamia kwa sekunde. Umbo la mpando na mshuko huo ndilo linaloamua rangi ya sauti: wimbi lenye umbo la meno ya msumeno hutoa sauti kali inayokaribia tarumbeta, lile la mraba hutoa sauti yenye uwazi ndani yake, jamaa ya klarineti. Hatua ya pili ni filta, ambayo hukata sehemu za juu za sauti na kubakiza za chini, kidogo au nyingi kadiri nobu inavyozungushwa. Hatua ya tatu ni amplifaya. Hapo saketi nyingine huamua sauti ianze vipi na ife vipi: ilipuke ghafla kama kofi la ngoma, au iingie taratibu na kubaki ikielea kidole kikiwa bado kwenye kitufe.

Kati ya hatua hizo, filta ndiyo iliyompa Moog jina. Aliiunda kwa transista zilizopangwa jozi juu ya jozi, mfano wa vipago vya ngazi, na mwaka 1969 akapewa hataza yake nchini Marekani. Nobu ya filta hiyo ikizungushwa polepole huku noti nzito ya besi ikiendelea, sauti inafunguka kama mdomo unaotamka irabu, kutoka "u" hadi "a" na kurudi. Watengenezaji wengi wamejaribu kuiiga tangu hapo, kwa transista, kwa chipu na kwa kompyuta. Wapenzi wa ala hizi wanaweza kubishana usiku kucha kama kuna aliyeifikia.

Umma uliijua sintesaiza kupitia muziki wa Johann Sebastian Bach. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa albamu ya Switched-On Bach, iliyopigwa yote kwa mtambo wa Moog. Kwa kuwa mtambo ule ulitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, Carlos alilazimika kurekodi kila mstari wa muziki peke yake, kisha kuupandisha juu ya mwingine kwenye tepu yenye njia nane, mara nyingi vipande vifupi vifupi kwa sababu ala iliondoka kwenye tyuni kabla wimbo haujafika mbali. Kazi hiyo ya subira ilipata tuzo tatu za Grammy mwaka 1970 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja, jambo ambalo muziki wa Bach haukuwa umezoea. Kampuni za rekodi zikaona fedha. Ndani ya miaka miwili maduka yalijaa albamu za nyimbo maarufu zilizopigwa kwa Moog, nyingi zikiwa hazina thamani yoyote zaidi ya ugeni wa milio yake.

Chache zilibaki. Beatles waliutumia mtambo wa George Harrison katika albamu ya Abbey Road ya mwaka 1969, kwa kiasi na kwa hekima, kiasi kwamba wasikilizaji wengi hawakugundua wanasikia nini. Mwaka 1970 Keith Emerson alimalizia wimbo wa Lucky Man wa kundi la Emerson, Lake & Palmer kwa solo ndefu ya Moog inayoteleza kutoka juu hadi chini kabisa, na wapiga kinanda wengi wa roki wakataka nao wawe na chombo kile. Mwaka 1972 wimbo usio na maneno wa Popcorn, uliotungwa na Gershon Kingsley na kupigwa upya na kundi la Hot Butter, ulipanda chati za nchi nyingi kwa milio mifupi inayorukaruka. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuusikia umeme ukichekesha.

Mtambo wa makabati ulikuwa na kasoro kubwa mbili: bei yake na uzito wake. Dawa ilipatikana mwaka 1970, na ilianza kama kazi ya pembeni. Bill Hemsath, mhandisi katika karakana ya Moog, aliokota vifaa vilivyotupwa na kuvikusanya wakati wa mapumziko ya mchana hadi vikawa ala moja ndogo yenye kibodi yake. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa Minimoog. Ilikuwa na vitufe 44, osileta tatu, kasha la mbao na ubao wa nobu unaoinuliwa kama kifuniko cha sanduku ili mpigaji auone vizuri. Nyaya za kuunganisha hazikuwepo tena. Mafundi walikuwa wamekwisha kuchagua njia ya sauti na kuifunga ndani. Bei yake ilikuwa dola 1,495, fedha nyingi kwa wakati huo lakini ndogo mno kando ya bei ya mtambo mkubwa.

Upande wa kushoto wa kibodi kuna magurudumu mawili madogo, na hayo ndiyo yaliyoifanya ala hii ipendwe na wapigaji. La kwanza hupinda noti juu au chini, kama mpiga gita anavyovuta uzi. La pili huongeza mtetemo. Mpiga kinanda, aliyekuwa amezoea noti zilizonyooka, sasa angeweza kulia na kunung'unika na ala yake. Wapigaji waligundua pia kwamba sauti inayotoka kwenye tundu la hedifoni ikirudishwa kwa waya katika tundu la kuingizia sauti nyuma ya ala, Minimoog inaanza kunguruma. Hata bila hila hiyo sauti yake ilikuwa nene kupita matarajio. Wahandisi walikuwa wamekosea hesabu, osileta zikawa zinaisukuma filta kwa nguvu zaidi ya ilivyokusudiwa, na kosa hilo likageuka kuwa sifa. Zilitengenezwa Minimoog zipatazo 12,000 hadi mwaka 1981.

Ala yenyewe ilikuwa ngeni kiasi kwamba wengine hawakuielewa. Rick Wakeman, mpiga kinanda wa kundi la Yes, amesimulia mara nyingi kwamba Minimoog yake ya kwanza aliinunua kwa bei ya chini kutoka kwa mwigizaji Jack Wild, ambaye aliamini imeharibika kwa sababu ilikuwa ikitoa noti moja tu kwa wakati.

Washindani walijitokeza upesi. Huko Massachusetts, Alan R. Pearlman alianzisha kampuni ya ARP, jina likiwa herufi za mwanzo za majina yake, na ala zake za 2600 na Odyssey zilisifiwa kwa kushika tyuni vizuri kuliko za Moog. Edgar Winter alifunga mkanda kwenye kibodi ya ARP 2600, akaivaa begani na kutembea nayo jukwaani. Wimbo wake wa Frankenstein ukashika namba moja Marekani mwaka 1973. Mjini London kampuni ya EMS, ya Peter Zinovieff na wenzake, ilitoa VCS3 mwaka 1969. Badala ya nyaya ilikuwa na ubao wa matundu unaochomekwa pini ndogo. Toleo lake la kubebeka kwenye mkoba ndilo lililotumiwa na Pink Floyd katika kipande cha On the Run, kwenye albamu ya The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973: noti chache ziliwekwa kwenye kumbukumbu ya ala, zikakimbizwa kwa kasi kubwa mno, na mkono ukabaki ukichezea filta. Japani nayo iliingia sokoni kupitia Roland na Korg, kampuni ambazo baadaye zingeufikisha muziki wa umeme hadi kwenye vyumba vya vijana wasio na fedha.

Aliyeonyesha kwamba sintesaiza inaweza kubeba huzuni, hasira na furaha za binadamu ni Stevie Wonder. Mwaka 1971 alitimiza miaka 21 na mkataba wake wa utotoni na kampuni ya rekodi ya Motown ukafika mwisho. Wakati huo Malcolm Cecil, mpiga besi kutoka Uingereza, na Robert Margouleff, Mmarekani, walikuwa wametoa albamu ya Zero Time, waliyoipiga kwa mtambo waliouita TONTO. Wonder aliisikia, akawafuata studioni kwao New York akitaka kujua kama ni kweli sauti zote zile zinatoka kwenye ala moja. Kutokana na ziara hiyo zilipatikana albamu nne katika miaka mitatu: Music of My Mind na Talking Book za mwaka 1972, Innervisions ya mwaka 1973 na Fulfillingness' First Finale ya mwaka 1974.

TONTO ulikuwa mtambo wa makabati makubwa ya mbao yaliyopinda kumzunguka mpigaji, ukiwa na vifaa vya Moog, ARP na kampuni nyingine ambavyo havikuundwa vielewane. Cecil na Margouleff ndio waliovipatanisha. Wonder, asiyeona tangu uchanga wake, alikaa kwenye kibodi. Wenzake wawili walisimama mbele ya nobu na nyaya. Alieleza sauti anayoitaka, nao wakaitafuta hadi akaridhika. Alipokuwa akipiga, mikono yao ilifungua na kufunga filta kufuata hisia za uimbaji wake, hivyo mstari mmoja wa besi ukawa kazi ya watu watatu kwa pamoja. Katika Living for the City, wimbo unaosimulia mateso ya kijana mweusi aliyetoka Mississippi kwenda New York, ala zote zilipigwa na Wonder mwenyewe, na sintesaiza ndiyo iliyompa upana wa bendi nzima. Sauti zake hazikuwa nakala ya ala nyingine yoyote. Besi ya TONTO ina uzito ambao gita la besi halina, lakini inapumua, inachelewa, inasukuma. Anayedai kwamba muziki wa umeme hauna roho anapaswa kuanza kusikiliza hapa.

Innervisions ilishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka, na Cecil na Margouleff wakapata yao ya ufundi wa kurekodi. Njia zao na Wonder zilitengana muda mfupi baadaye. Yeye akaendelea na ala nyingine, ikiwemo GX-1 ya Yamaha, kinanda kikubwa na ghali mno alichokitumia katika Songs in the Key of Life ya mwaka 1976.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na fikra tofauti. Kundi la Kraftwerk la Düsseldorf halikutafuta jasho la soul. Lilitaka muziki wa viwanda, barabara na treni za Ulaya iliyojengwa upya baada ya vita. Wimbo wao wa Autobahn wa mwaka 1974, unaochukua zaidi ya dakika 22 katika albamu, ulifupishwa hadi kama dakika tatu kwa ajili ya redio, ukaingia kwenye chati za Marekani na Uingereza. Minimoog ndiyo inayosikika ikiwa mngurumo wa injini na mapito ya magari.

Wimbo uliounganisha fikra hizo mbili, ubaridi wa mashine na joto la sauti ya binadamu, ulirekodiwa mjini Munich. Giorgio Moroder, mzaliwa wa kaskazini mwa Italia, na mwenzake Pete Bellotte walikuwa wakitengeneza albamu ya Donna Summer ambayo nyimbo zake zilipita zama mbalimbali za muziki. Wa mwisho ulitakiwa uwe muziki wa siku zijazo. Waliazima mtambo mkubwa wa Moog wa mtunzi Eberhard Schoener, na pamoja nao akaja fundi wake, Robby Wedel. Wedel alijua siri ambayo studio nyingi hazikuwa nayo: jinsi ya kurekodi mapigo ya kuongoza kwenye njia moja ya tepu, ili kila sauti mpya inayoongezwa ishikane sawasawa na ile ya kwanza. Bila hilo tabaka za sauti zingepishana na mdundo kuvunjika.

I Feel Love, uliotoka mwaka 1977, karibu wote ni Moog. Hata milio ya matoazi ilikatwa kutoka kwenye mvumo wa umeme na kuchongwa kwa filta. Ngoma kubwa ya mguu peke yake ilipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa sababu mtambo haukuweza kutoa kishindo kinachotosha. Mtambo ulipoteza tyuni kila baada ya muda mfupi, ikabidi warekodi kipande, wasimame, waurekebishe, waendelee. Besi nayo ilitiwa mwangwi mfupi upande mmoja wa spika, hivyo kila noti inajibiwa na kivuli chake na mdundo kuonekana unakimbia maradufu. Juu ya yote hayo Summer anaimba kwa sauti nyepesi ya juu, bila haraka. Wimbo huo ulishika namba moja Uingereza. David Bowie amesimulia jinsi Brian Eno alivyomjia mbio na rekodi hiyo mkononi, akisema ameusikia muziki wa kesho. Kwa kusikiliza disko na hausi za miaka iliyofuata, ni vigumu kumpinga.

Katika fanki, Bernie Worrell wa kundi la Parliament aliiondoa kabisa besi ya gita katika Flash Light na kuweka Minimoog, na wimbo ukaongoza chati za muziki wa Wamarekani weusi mwaka 1978. Afrika nayo ilikuwa na wake. Huko Enugu, Nigeria, William Onyeabor alitoa kuanzia mwaka 1977 mfululizo wa albamu zilizojaa sintesaiza, alizozirekodi na kuzichapisha mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 aliacha muziki akamgeukia Mungu, na kwa muda mrefu rekodi zake zilijulikana na watu wachache. Mwaka 2013 zilikusanywa upya na lebo ya Luaka Bop, zikawashangaza wasikilizaji waliodhani historia ya ala hizi ni ya Ulaya, Marekani na Japani tu.

Si wote walioshangilia. Wanamuziki wa ala za kawaida waliona kazi zao zinachukuliwa na kisanduku, na mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilifikia hatua ya kutaka sintesaiza zipigwe marufuku. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Mtu anayelisha familia kwa kupiga fidla ana haki ya kuuliza kesho atakula nini. Wengine walikataa kwa fahari ya ufundi. Queen, kundi ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, waliandika kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika, maana magita ya Brian May yaliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka yalikuwa yakidhaniwa kuwa ni umeme. Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, nao waliingiza ya Oberheim.

Kufikia hapo ala zenyewe zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1978 Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits walileta Prophet-5, yenye uwezo wa kupiga noti tano kwa pamoja na, muhimu zaidi, kumbukumbu. Zamani sauti iliyopatikana kwa saa mbili za kuzungusha nobu ilipotea mara tu nobu ilipoguswa tena. Wapigaji walichora ramani za nobu kwenye karatasi au kubandika vipande vya tepu kwenye ubao. Sasa ilitosha kubonyeza kitufe. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7, ala ya kidijitali, nyepesi, isiyopoteza tyuni na yenye bei ya kufikika. Nobu zilitoweka, vikabaki vitufe bapa na kioo kidogo. Wapigaji wengi walichukua sauti zilizowekwa na kiwanda na kuishia hapo. ARP ilikuwa imeshafilisika mwaka 1981. Minimoog ziliuzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya mitumba.

Kuuzwa huko kwa bei ya kutupa ndiko kulikozirudisha. Vijana wa Detroit, Chicago na Uingereza waliokuwa wakibuni tekno na hausi walinunua walichoweza kumudu, nacho kilikuwa ala za muongo uliopita. Nobu walizozikuta ziliwapa kitu ambacho kioo cha DX7 hakikuwapa: sikio na mkono vilifanya kazi pamoja, na kosa la mkono mara nyingi lilizaa sauti nzuri kuliko iliyokusudiwa. Osileta mbili za Minimoog hazilingani kamwe sawasawa. Joto la chumba likipanda zinaanza kutofautiana, na tofauti hiyo ndogo hufanya sauti izunguke na kujaa. Wapigaji wa zamani waliwasha ala saa nzima kabla ya onyesho ili zipate joto zitulie. Wanaozipenda leo hufanya hivyohivyo, na wengi wanaona kusubiri huko kuwa sehemu ya raha yake.

Matengenezo ni somo lake peke yake. Nobu hujaa vumbi na kukwaruza, kapasita hukauka, vitufe hulegea. Chipu zilizotumika katika ala za mwisho wa miaka ya 1970 ziliacha kutengenezwa, na kwa miaka mingi mafundi walizichomoa kwenye ala moja mbovu kuokoa nyingine. Fundi mzuri wa sintesaiza kuukuu ana foleni ya wateja. Makumbusho nayo yameingia kazini: mjini Fribourg, Uswisi, kuna makumbusho ya ala za muziki wa umeme, na Asheville, North Carolina, alikohamia Moog na kufariki mwaka 2005, lilifunguliwa mwaka 2019 jumba la kumbukumbu ya kazi zake. TONTO wenyewe ulinunuliwa mwaka 2013 na National Music Centre ya Calgary, Kanada, na mafundi wakaufanyia kazi miaka kadhaa hadi ukalia tena.

Viwanda vimesikia. Korg walirudisha MS-20 yao mwaka 2013 na Odyssey ya ARP mwaka 2015. Minimoog ilirudi mwaka 2016 ikiwa na mbao na nobu zilezile, na kampuni nyingine zikatoa nakala zake kwa bei ndogo sana. Mzalishaji wa Dar es Salaam au Nairobi asiyewahi kuiona Minimoog kwa macho anaweza kuwa nayo ndani ya kompyuta yake, kama programu yenye picha ya nobu zile. Prophet-5 iliyotolewa upya mwaka 2020, Dave Smith akiwa bado hai, ilifungwa chipu za kampuni ya Curtis zilizoanza kutengenezwa tena, na ikaongezwa nobu moja ambayo ile ya mwaka 1978 haikuwa nayo. Ikiwekwa kwenye namba 4, ala inatulia kwenye tyuni kama sintesaiza yoyote ya kisasa. Ikirudishwa hadi namba 1, noti zake tano zinaanza kuachana kidogo kidogo, kila moja na tabia yake, kama zilivyofanya kabla wahandisi hawajapata njia ya kuzizuia.